Selimundu

Neno selimundu, ambalo wasomaji aghalabu hulikuta katika matangazo ya afya likishindana na sikoseli, limeundwa kwa ustadi usiopewa sifa yake: seli nyekundu ya damu, iliyo mviringo kwa maumbile, kwa mgonjwa hupinda mfano wa mundu, kama alivyoeleza tabibu James Herrick wa Chicago mwaka 1910, baada ya kutazamwa kwa hadubini damu ya mwanafunzi aliyetoka Grenada. Walakini neno lataja umbo tu. Asili ya maradhi limeiacha.

Asili hiyo imo katika jeni ya hemoglobini ya utu uzima, na ajabu ni kwamba mtoto aliye tumboni hutumia hemoglobini nyingine, iliyo salama, ambayo jeni yake haipotei baada ya kuzaliwa, bali hunyamazishwa. Mwaka 2008 Stuart Orkin na wenzake, huko Boston, walibainisha kwamba miongoni mwa vinyamazishi vya jeni hiyo ni protini iitwayo BCL11A, ifanyayo kazi ndani ya seli changa za uboho zinapokua kuwa damu; na madhali kinyamazishi hicho kimejulikana, iliwezekana kukizuia, hata Desemba 2023 Marekani ikaidhinisha tiba ya namna hiyo, ghali mno kwa wengi wetu.

Kazi hii ya kuamuru jeni zinene au zinyamaze wengine huiita udhibiti, neno lenye harufu ya forodhani. Mimi nachagua uamrishaji. Ama selimundu, na lidumu, sikoseli iachwe.