Zorro na Historia Iliyofunikwa na Kinyago

Jina la Zorro ni neno la Kihispania lenye maana ya mbweha. Shujaa huyo alibuniwa na mwandishi wa Marekani, Johnston McCulley, mwaka 1919, na mwaka uliofuata Douglas Fairbanks akamwigiza katika sinema. Hata hivyo, sura yake iliyokaa katika kumbukumbu za familia nyingi ni ile ya mfululizo wa televisheni wa kampuni ya Walt Disney, ulioonyeshwa Marekani kuanzia Oktoba 1957 hadi Julai 1959, katika vipindi 78 vya nusu saa. Yafaa kuutazama upya na kuuliza uliwafundisha watoto nini juu ya haki.

Hadithi inaanza mwaka 1820, California ikiwa bado chini ya Hispania. Don Diego de la Vega, aliyeigizwa na Guy Williams, anaitwa na baba yake arudi kutoka masomoni Hispania, kwa sababu Kapiteni Monastario, kamanda wa ngome ya Los Angeles, anawaonea watu. Mchana Diego hujifanya mpenda vitabu asiyejua upanga. Usiku huvaa nguo nyeusi na kinyago. Mtumishi wake Bernardo, aliye bubu, hujifanya pia kiziwi ili asikie siri za maadui. Naye Sajenti Garcia, mnene na mpenda mvinyo, huchekesha bila kuchukiza. Zorro hushinda zaidi kwa werevu na kwa kumwaibisha adui kuliko kwa kumwaga damu. Ndiyo maana wazazi waliweza kuketi na watoto wao mbele ya televisheni pasipo wasiwasi.

Msomaji wa ngano zetu atamkumbuka Sungura, mnyonge anayemshinda Simba kwa akili. Lakini tofauti ni kubwa: Sungura ni mnyonge kweli, ilhali Diego ni mwana wa mwenye mashamba makubwa anayeigiza unyonge. Hapo ndipo fundisho la mfululizo linapoonekana. Uovu unatoka kwa ofisa mbaya. Akiondolewa, mambo yanatengemaa. Monastario anapoanguka, anayemkamata ni mjumbe mkuu wa mfalme mwenyewe. Utawala wa kikoloni haushtakiwi, wala haiulizwi ardhi ile ilikuwa ya nani.

Historia inatoa picha nyingine. Kabla ya Wahispania, nchi ile ilikuwa ya watu wanaoitwa leo Watongva. Misioni ya San Gabriel ilianzishwa mwaka 1771, nayo ilitegemea kazi ya wenyeji waliobatizwa, ambao hawakuruhusiwa kuondoka wapendavyo. Mwaka 1785 mwanamke wa Kitongva, Toypurina, alishiriki kuongoza njama ya kuishambulia misioni hiyo. Alikamatwa, kisha akahamishwa mbali na kwao. Upinzani basi ulikuwako, tena uliongozwa na wenye nchi, bila kusubiri bwana wa farasi mweusi.

Mji wa Los Angeles nao ulianzishwa mwaka 1781 na walowezi 44, watu wazima na watoto, na wengi wao walikuwa na asili ya Afrika, ya wenyeji wa Amerika, au mchanganyiko. Pío Pico, gavana wa mwisho wa California chini ya Meksiko, alizaliwa San Gabriel mwaka 1801, naye alikuwa na damu ya Kiafrika. Katika mfululizo, watu wa namna hii hawaonekani kama waanzilishi wa mji. Wenyeji, wanapojitokeza, aghalabu ni watu wa kuokolewa.

Haki idai pia kutaja jema. Marekani iliitwaa California kwa mkataba wa mwaka 1848, na Wameksiko wengi wakapoteza mashamba yao baadaye. Katika miaka ya 1950, kumweka shujaa mwenye jina la Kihispania mbele ya familia za nchi hiyo, mtu msomi na mwungwana, halikuwa jambo dogo.

Kwa ufupi, mfululizo huu unastahili kuendelea kutazamwa, na mwalimu anaweza kuutumia darasani kwa faida. Lakini awaulize wanafunzi maswali mawili: nani ameruhusiwa kuvaa kinyago, na nani amefichwa nyuma yake?