Mizani ya Babeli na Kilimia cha Mbozi

Kila ifikapo tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta likielekea kusini, na karibu dunia nzima usiku na mchana hulingana. Vitabu vya jiografia huiita siku hiyo ikwinoksi. Sisi wa Tunduma hatuna desturi ya kuijali. Wiki hiyo vumbi limetanda barabarani, mashamba yanasafishwa, na anayetazama juu anatafuta wingu. Lakini kwa wasomaji wa kurasa za nyota, hapo ndipo Mashuke hupisha na Mizani huingia. Kwa ajili ya neno hilo moja, Mizani, harusi moja ya usharika wetu haikufungwa.

Tuliokuwa kwenye kamati tunakumbuka. Binti alizaliwa wiki ya mwisho ya Septemba, kijana katikati ya Novemba. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa mara mbili, na michango ya ndugu wa ng'ambo, Nakonde, ilikwisha kufika. Ndipo shangazi wa binti akaleta habari kwamba mnajimu mmoja amesema Mizani na Nge hawakai nyumba moja. Tulitarajia watu wacheke. Hawakucheka. Sisi wazee wa kanisa tulitazama chini, maana wengi wetu tunazijua nyota zetu kama tunavyozijua namba zetu za simu. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Swali ambalo tungepaswa kuliuliza palepale tulikuja kujiuliza baadaye: hiyo Mizani nani aliiweka angani? Mizani tunayoijua sisi ni ile ya Mpemba, inayopima malori ya Zambia na Kongo.

Ilitoka Babeli. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita watazama nyota wa nchi ile waliandika orodha za nyota kwenye vibao vya udongo, na kundi moja wakaliita Zibanitu, yaani mizani. Nyakati zile jua lilikuwa likifika kwenye nyota hizo majira ambayo usiku na mchana hulingana, na wengi wamesema picha ya vitanga viwili vilivyosimama sawa ilitokana na hilo. Wayunani waliziona nyota zilezile wakasema hapana, hizo ni kucha za Nge aliye jirani yake. Warumi wakairudisha mizani. Kundi la kabla yake, Mashuke, ni mwanamwali aliyeshika suke la nafaka. Baadhi ya Wayunani walimhusisha na Demeter, mungu wao wa mazao, ambaye binti yake Persephone alichukuliwa kuzimu, na kwa huzuni ya mama ardhi ikakataa kuzaa.

Tusiwacheke. Mkulima wa kaskazini alikuwa anaeleza jambo aliloliona kwa macho. Herrnhut, mji wa Ujerumani ulio chimbuko la Wamoraviani waliofungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, mchana wa Juni hufika saa 16, na wa Desemba hubaki saa 8 tu. Septemba huko majani huanza kudondoka na giza hushinda. Hapa Tunduma, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hupishana kwa kama saa moja. Tena kwetu mwezi huo mchana unarefuka. Jua linatujia, katikati ya Oktoba husimama utosini, na adhuhuri mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Baada ya hapo tunangoja mvua. Maombolezo ya Demeter yakiletwa Songwe yanakuta watu wanatengeneza majembe.

Hata pwani, sikukuu iliyozaliwa na siku kama hiyo ilishindwa kukaa mahali pake. Nairuzi ya Waajemi ilifungamana na ikwinoksi ya Machi. Waswahili waliipokea kama Siku ya Mwaka, wakahesabu siku 365 pasipo siku ya nyongeza, basi kila miaka minne ikarudi nyuma siku moja. Katika karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi, Zanzibar, Mwaka Kogwa huadhimishwa Julai. Watu wanaishangilia, na ni vizuri, ila jua halihusiki tena.

Wazee wetu wa bara nao walitazama juu. Nyota waliyoitegemea ni Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, ambalo jina lake limetoka katika kulima. Mwishoni mwa Septemba huchelewa, huchomoza wengi wameshalala. Mwishoni mwa Novemba huonekana mashariki giza linapoingia, na hapo mbegu ziwe tayari. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilikuta neno hilo likitumika wakalitia katika Ayubu 9 na 38, na Mungu anamwuliza Ayubu kama anaweza kukifunga Kilimia. Katika kutazama huko tunaona habari ya mwezi wa kupanda, wala si ya mke wa kuoa. Kitu kimoja kikubwa kimewahi kushuka kwetu kutoka angani, kile kimondo cha Ndolezi kule Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma na nikeli, nacho mpaka leo hakijasema neno juu ya ndoa ya mtu.

Wala kanisa lisijifanye halihesabu jua. Mwanzo 1:14 inasema mianga iliwekwa iwe ya majira na siku na miaka. Waisraeli walikuwa na Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda katika mwezi wa saba, karibu na ikwinoksi hiihii ya Septemba. Pasaka yetu, kwa utaratibu uliokua baada ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu baada ya ikwinoksi ya Machi. Isaya 47 haimkemei mtu kwa kujua majira. Inawakemea watazama nyota wa Babeli kwa kuuza kesho ambayo hawakuwa nayo. Na katika Danieli 5, ni Babeli hukohuko mfalme alipoambiwa kwamba amepimwa katika mizani akaonekana amepunguka. Wanajimu wake walikuwapo, na maandishi yaliwashinda kusoma.

Kuna jambo jingine, na hili lilitukera kuliko yote. Anga imesogea. Myunani Hipparchus alikwisha kuliona hilo katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Kurasa za nyota zinatumia hesabu ya kale, lakini jua la mwisho wa Septemba leo linasimama mbele ya nyota za Mashuke, na lile la katikati ya Novemba ndilo lililo kwenye Mizani. Kwa nyota zinazoonekana angani, binti yetu hakuwa Mizani wala kijana hakuwa Nge.

Tulikwenda kumwambia shangazi, watatu, baada ya ibada. Alitusikiliza kwa heshima hadi mwisho, akatuongezea chai.

“Sawa, wazee wangu,” akasema. “Kwa hiyo Mashuke na Mizani, wao wanapatana?”

Tulitazamana. Mmoja wetu akamwuliza kama baba yake alikuwa akiangalia Kilimia. Akasema ndiyo, kila mwaka, alikuwa akiwatoa watoto nje wakione, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mbegu kabla. Je, aliangalia nyota alipomwoza yeye? Shangazi akacheka. “Baba? Aliuliza tu kama huyo mtu analima.”

Kisha akanyamaza muda mrefu, akauliza kama bado kijana anaweza kuitwa. Ilibidi tumwambie. Alikwisha kufunga ndoa Mbeya, mwezi wa sita.