Mkahawa Ndani ya Wodi: Frantz Fanon huko Blida, 1953–1956

Mwaka 1953 daktari kijana kutoka Martinique, Frantz Fanon, alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida-Joinville, Algeria. Siku hizo madaktari wa Algiers, wafuasi wa daktari Antoine Porot, walifundisha kwamba Mwalgeria Mwislamu ana akili duni kwa maumbile. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika hivyo hivyo kuhusu Waafrika. Haikuwa sayansi, kilikuwa kisingizio cha ukoloni.

Fanon na mwenzake Jacques Azoulay walianzisha mikutano, michezo na gazeti la wagonjwa kama sehemu ya tiba. Wagonjwa wanawake wa Kizungu walichangamka. Wanaume Waislamu walibaki kimya, na hapo ndipo wengi wangesema: si tuliwaambia? Fanon alikataa. Kasoro, alieleza, ilikuwa katika tiba yenyewe, iliyobeba desturi za Kifaransa na kupuuza lugha, dini na maisha ya wagonjwa. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, msimulizi wa hadithi akaalikwa. Wagonjwa wakaanza kushiriki.

Fanon alijiuzulu mwaka 1956, akafukuzwa Algeria. Leo hospitali hiyo ina jina lake.