Umulikaji wa sarafu za dhahabu

Umulikaji wa sarafu za dhahabu ni sanaa ya kuielekeza nuru juu ya sarafu yenye mng'ao ipigwapo picha, ili nakshi zake zidhihiri pasipo uso wake kurudisha taswira ya taa na kamera. Mfano maarufu wenye asili ya Singida ni sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916, iliyotengenezwa na Wajerumani katika karakana ya reli ya Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili. Kwa kuwa mwale huakisiwa kwa pembe ileile uliyofikia, taa iliyo wazi huacha doa jeupe lililozungukwa na giza. Ndiyo maana nuru aghalabu hupitishwa kwanza katika karatasi nyeupe au kitambaa chembamba, kisha huletwa kutoka ubavuni, chini kidogo, hata vivuli vikaonyesha mkonga wa tembo na mikunjo ya ngozi yake. Kwa uso laini mno, njia iliyo bora, ijapokuwa yadai subira, ni kusimamisha kioo kitupu kwa nyuzi 45 baina ya lenzi na sarafu, nuru ya ubavuni ikaakisiwa chini wima. Rangi nayo yataka hadhari: sarafu hiyo ya rupia 15 ina dhahabu asilimia 75 tu, na taa ya manjano huizidishia unjano usio wake.