Bugali ya wazee na ugonjwa wa sukari
Zamani kwetu Ituri wazee walikula bugali ya wimbi au mtama, na sombe, na maharagi. Shambani walienda kwa miguu. Vita ya 1999 hadi 2003, kisha ile ya Djugu tangu mwisho wa 2017, ilifukuza wengi, mashamba yakabaki. Hapa Bunia tunanunua mikate, soda na chai ya sukari nyingi, tena tunakaa. Chakula kikizidi, mwili unakigeuza mafuta. Yakijaa katika ini na misuli, masalio yake yanaweza kuzuia kazi ya insulini, na sukari inabaki katika damu. Siyo uchawi. Tukitafuta mchawi, macho na figo vinaharibika. Tupimwe damu, turudishe wimbi na mwendo.