Turbo ya ordinateri: inasaidia kweli ao ni namba tu?

Wandugu, wakati nilikuwa natafuta ordinateri ya kuandikia memwari, muuzaji alinionyesha karatasi iliyobandikwa juu yake: gigahezi 4 na kitu. Nikatoa dola zote za akiba. Siku nilianza hesabu ndefu za takwimu, mashine ilikimbia kidogo, ikapata moto, ikarudi chini. Nikasema nimeibiwa. Kumbe ni historia sikuwa naijua.

Neno turbo ni la zamani. Miaka ya 1980 ordinateri nyingi zilikuwa na kitufe cha jina hilo. Michezo iliyotengenezwa kwa mwendo wa Intel 8088, megahezi 4.77, ilikimbia kupita kiasi kwenye mashine mpya. Ukizima turbo, mashine inapunguza mwendo. Kazi yake kubwa ilikuwa breki.

Kisha yakaja mashindano ya gigahezi. Pentium 4 ilitoka mwaka 2000 na gigahezi 1.5, mwaka 2004 ikafika 3.8. Hapo joto likakataa. Intel ilikuwa imeahidi 4, ikaacha mwaka uleule, ikageukia kuweka viini vingi katika prosesa moja. Lakini programu nyingi zilitumia kiini kimoja, vingine vinalala. Ndiyo maana mwisho wa 2008 Core i7 za kwanza zilikuja na Turbo Boost: viini vingine vikilala, kile kinachofanya kazi kinaongezewa mwendo. Core i7-920 ilitoka 2.66 ikafika 2.93, kama asilimia 10. Mwaka 2011 toleo la pili likaruhusu prosesa kupita kiwango chake cha umeme kwa muda mfupi, mbele joto halijapanda.

Basi inasaidia? Ndiyo, kwa kazi fupi. Kufungua faili ao ukurasa wa intaneti ni kazi ya sekunde chache, na hapo turbo unaiona. Lakini hesabu ya saa mbili inaenda kwa mwendo ule feni inaweza kubeba, na jaribio fupi la dukani haliwezi kukuonyesha ule. Tena mbio zinakula betri: usiku umeme ukikatika, mimi nazima turbo kwenye mipangilio, naandika polepole mpaka asubuhi.

Wadogo zangu munaoingia mwaka wa memwari, mukienda kununua, musiulize tu inafika gigahezi ngapi. Ulizeni inabaki na ngapi kisha nusu saa ya kazi.