Minazi Iliyohesabiwa na Pwani Iliyosahauliwa: Historia ya Kuusimamia Utalii Unguja

Utalii wa pwani ya mashariki ya Unguja ulizaliwa katika dhiki ya uchumi, na sheria zinazousimamia hazieleweki vyema pasipo kuikumbuka dhiki hiyo. Kwa zaidi ya karne moja Zanzibar ilitegemea karafuu. Indonesia, ambayo viwanda vyake vya sigara vilikuwa mnunuzi mkubwa wa zao hilo, ilipoanza kujitosheleza kwa mavuno yake yenyewe, bei iliporomoka katika miaka ya 1980 na fedha za kigeni zikaadimika. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya biashara, mwaka 1986 ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi, na mwaka 1987 ikaanzisha Kamisheni ya Utalii. Sheria ya umilikaji wa ardhi ilifuata mwaka 1992, na ile ya mazingira mwaka 1996, wakati hoteli zilikwisha kuingia Kiwengwa na Nungwi. Hivyo mlango wa kumkaribisha mwekezaji ulifunguliwa kabla ya kuwekwa kinga ya mwenyeji.

Fukwe hizo hazikuwa tupu. Vijiji vya mashariki vimekaa juu ya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, na kwa sababu hiyo maisha yake yaliegemea zaidi pwani, eneo linaloachwa wazi maji yanapokupwa. Humo wanawake waliokota chaza na kombe, wakachokoa pweza na kufukia makumbi ya nazi mchangani hadi yalainike na kusokotwa kamba. Kwa mila, mti ulikuwa wa aliyeupanda, ilhali maweni na pwani vilitumiwa na kijiji kizima. Hata wavuvi wa dago, yaani wale waliohama kwao kwa msimu na kupiga kambi kwenye ufuo wa wengine, walitarajiwa kuwaomba ruhusa wazee wa kijiji mwenyeji. Kwa maneno mengine, pwani ilikuwa na taratibu za kumpokea mgeni muda mrefu kabla ya kuwapo kamisheni yoyote.

Taratibu hizo hazikupata nafasi ya kutosha katika sheria iliyoandikwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na ilipoanza kukodishwa kwa wawekezaji, mwanakijiji alilipwa fidia ya minazi yake kwa hesabu ya mti mmoja mmoja, si thamani ya kiwanja kilicho ukingoni mwa bahari. Mwenye minazi alipata kitu, japo kidogo. Mwanamke ambaye riziki yake ilikuwa shimo la makumbi au mwamba wa pweza hakuwa na mti wa kuhesabiwa, na kwa hiyo hasara yake haikuonekana katika daftari lolote.

Udhaifu huo ulidhihirika zaidi baada ya kilimo cha mwani kuanza mwaka 1989 katika vijiji kama Paje na Jambiani, kikawapa wanawake wengi fedha zilizofika mikononi mwao wenyewe. Mambo za mwani, yaani vijiti vya kufungia kamba zake, zilichomekwa katika maji yale yale ambayo wenye hoteli walitaka yawe wazi kwa waogeleaji. Mpango wa kanda za utalii wa mwaka 1993 ulionyesha mahali pa kujenga, na kanuni zikataka majengo yaache nafasi kutoka mstari wa maji kujaa. Lakini utekelezaji ulimwangukia kwa sehemu kubwa sheha, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa wa utawala, ambaye huteuliwa na serikali wala hachaguliwi na wanakijiji anaowasemea.

Mafanikio yalionekana pale haki ya wenyeji ilipoambatanishwa na mapato yanayoweza kukaguliwa. Katika msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, sehemu ya viingilio hurudi vijijini, na wakulima ambao mazao yao huliwa na kima punju wamekuwa wakilipwa kifuta jasho. Mikoko ya Pete, ambayo watalii huizuru kwa kupita juu ya ujia wa mbao, imekipatia kijiji sababu ya kuitunza badala ya kuikata. Manufaa hayo yana mipaka, lakini yanathibitisha kwamba kinacholipa hutunzwa na wale wanaolipwa.

Somo hilo lilihitajika upya mwaka 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoipunguza idadi ya wageni kutoka takriban 538,000 mwaka uliotangulia hadi karibu nusu yake. Serikali iliuweka uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea rasilimali za bahari, katikati ya mipango ya kujikwamua, na ikakodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji. Haraka ya aina hiyo ndiyo iliyotawala miaka ya 1980, na gharama yake ililipwa na wale ambao matumizi yao hayakuandikwa popote. Kwa hiyo kila mkataba wa ufuo au kisiwa unastahili kutanguliwa na orodha ya wavuvi, wakulima wa mwani na waokotaji wa chaza wanaopategemea mahali hapo, na orodha hiyo iwe na nguvu ya kisheria sawa na hati ya mwekezaji.